Gitaa Langu Halina Kichwa, na Shemeji Anaona Wivu

Jumanne, 6 Agosti

Siku kubwa leo. Naandika nikiwa nimekalia ndoo jikoni, maana sebuleni yupo Shemeji. Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kukaa wiki moja. Hiyo ilikuwa mwaka jana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina. Nilikuwa na gitaa la besi, nikampa hilo ashikeshike, nikamfundisha kwa roho safi.

Sasa jamaa anapiga besi. Na jana mazoezini Kiongozi wa bendi yetu kakohoa, kaangalia viatu vyake, kasema bendi haina nafasi ya wapiga besi wawili. Jumamosi tunapiga kwenye ufunguzi wa duka la magodoro. Mimi nipige nusu, Shemeji apige nusu. Atakayependeza atabaki. Mwingine ashukuriwe. Ashukuriwe! Mimi, niliyebeba spika za bendi hii mgongoni tangu Kiongozi akiwa na nywele!

Sikugombana. Nilipanga. Asubuhi nimechukua besi yangu ya siku zote, ile ndefu ya rangi ya chai, nimekwenda nayo kwa fundi wa magitaa, nyuma ya gereji ya pikipiki. Tumebadilishana. Yangu kwa yake, bila nyongeza. Na nimepata nini? Besi isiyo na kichwa!

Niieleze vizuri, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Gitaa la kawaida lina mwili, lina shingo, halafu kule mwisho wa shingo kuna kichwa, penye vile vifungo vya kukazia nyuzi. Hii yangu, shingo inafika mwisho, basi. Hakuna zaidi. Inaishia pale pale kama maneno ya mtu aliyeitwa ghafla. Nyuzi zinabanwa huko juu kwa skrubu ndogondogo, na vifungo vya kukazia vimehamishiwa chini, kwenye makalio ya gitaa. Nyeusi tii. Fupi. Nyepesi hata unaisahau begani. Fundi kasema dunia nzima ya wapiga besi ndiko inakoelekea. Nikamuuliza mbona yeye anaiachia. Kasema ni kwa upendo tu.

Mke wangu kaiangalia mbele, kaigeuza nyuma, kauliza kipande kingine nimekiacha wapi. Nimemweleza. Kanikumbusha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kasema hapo kwenye kidonda amenielewa.

Shemeji je? Kasimama mlangoni, mkate mkononi, anaikodolea macho. Wivu huo! Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Kazi yangu ni kukata vioo vya madirisha, na bosi hapendi ruhusa, kwa hiyo nimesema tumbo. Kutwa nzima nimeshughulika na besi, kuiweka ikae sawa na mkono wangu.

Kwanza sifa, maana sifa zinastahili kutangulia. Raha jamani! Besi ya zamani ilikuwa nzito upande wa kichwa. Ukiachia mkono wa kushoto tu, shingo inainama yenyewe kama mzee anayesinzia ibadani. Mkono wangu ulikuwa na kazi mbili, kupiga na kubeba. Hii haiinami. Unaachia mikono yote miwili, nayo imetulia tuli. Nimesimama mbele ya kioo cha kabati, mikono yote hewani, najitazama. Mke wangu kapita na kapu la nguo, kauliza kama hivyo ndivyo inavyopigwa.

Sauti nayo! Kavu, safi, kila noti inasimama peke yake. Sijawahi kujisikia vizuri namna hii. Nimejipongeza kwa sauti.

Sasa vijikasoro. Ukiiegemeza ukutani, inateleza na kulala sakafuni. Msumari niliokuwa nikitundikia besi ya zamani haufai, hakuna cha kunasa. Kile kipimo cha kulinganisha sauti ni cha kubana kichwani, nacho hakina pa kubana. Nimekibana kwenye mkono wa kikombe, kikanipimia kikombe. Halafu mkono wa kushoto una mazoea yake: kila uzi ukilegea, unapaa juu kutafuta vifungo, unashika hewa. Shemeji kauliza kama nafukuza nzi.

Macho nayo yanadanganyika. Zamani nilijua pa kuweka kidole kwa kupima umbali kutoka kichwani. Kichwa hakipo, basi natua hatua moja mbele. Nimepiga wimbo mzima hatua moja mbele, tena kwa kujiamini sana. Jirani kazima redio yake. Nadhani alitaka kusikiliza vizuri.

Nikaona niweke nyuzi mpya. Ina utaratibu wake: unapitisha uzi, unaukaza kwa skrubu mpaka ukamatike, ndipo unakata kipande kinachobaki. Fundi alinieleza mara ngapi sijui. Lakini mimi ni mtu wa vioo. Kwenye vioo unapima, unakata, halafu ndio unafunga. Mkono haukuniuliza. Nimepima uzi mnene, nimeukata, ncha imenyooka ya kupendeza, halafu ndio nikaufunga. Nilipozungusha kifungo kule chini, uzi ukachomoka, ukanichapa shingoni, ukaanguka kwenye zulia. Mfupi! Haufiki tena hata ukiuvuta kwa maombi.

Mke wangu kanipaka mafuta kwenye alama. Shemeji kacheka mpaka kapaliwa na chai. Nyumba yangu, chai yangu, shingo yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Tumbo linaendelea, nimemjulisha bosi. Nimekwenda kwa fundi kutafuta uzi mnene. Nimepata. Nimepata na habari mbaya. Ukutani kwake, nilipoiacha besi yangu ya rangi ya chai, kuna tundu la msumari tu. Kasema imeondoka jana asubuhi. Kijana mmoja wa heshima sana kaichukua, kamwachia simu yake badala yake. Nikauliza kijana wa namna gani. Kasema hakumwangalia sana, ila alikuwa anatafuna mkate.

Kikulacho ki nguoni mwako!

Nimefika nyumbani mbio. Sebuleni nimemkuta kaipakata. Kaifuta vumbi, kaipaka mafuta, inang'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Kaniambia kwa upole, Shemeji, nimekuhifadhia, isiende kwa watu baki. Halafu kasimama, kaitundika kwenye msumari wangu. Ikanasa vizuri kabisa. Mke wangu kaona huo ni upendo wa ajabu, kamwongezea chakula.

Jioni mazoezi. Huko ndiko nilikogundua jambo. Bendi yetu ina utaratibu wake. Mpiga ngoma wetu tunamwita Radi. Kakaa mbele ya spika miaka yote hiyo, masikio yamebaki ya kutundikia kofia. Ukimwambia kitu jukwaani hasikii. Kwa hiyo anaangalia kichwa cha gitaa la besi. Kikipanda juu, tunaingia kiitikio. Kikishuka chini kwa nguvu, tunamaliza. Wenzake wote wanamfuata Radi, na Radi anafuata kichwa. Utaratibu huo nimeuanzisha mimi mwenyewe, na ni wa akili sana.

Leo nimeinua besi. Hakuna kilichotokea. Nimeishusha. Radi anatwanga tu, ananitazama kwa subira. Nimeishusha tena, na tena. Wimbo ukaisha kwa kuchanganyikiwa, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani. Baadaye Radi kaniuliza kwa huruma kama mgongo unanisumbua, maana ameona nainamainama.

Zamu ya Shemeji. Kichwa juu, kiitikio. Kichwa chini, kimya! Kimya cha kukata kwa kisu. Kiongozi kapiga makofi. Kampigia makofi mtu anayelala kwenye kochi langu!

Lakini niandike na hili, maana haki ni haki. Kiongozi kakiri kwamba sauti ya besi yangu mpya anaisikia kifuani. KIFUANI. Ya Shemeji hakusema anaisikia wapi.

Nimerudi nyuma ya wote, peke yangu. Nimeogopa kidogo, sitaficha. Bila bendi mimi ni mtu wa vioo tu, anayejifunika vumbi la vioo kutwa. Jumamosi jukwaani ndipo watu wanapojua kuna mimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Hofu imekwisha! Nimeamka na mipango. Nyota njema huonekana asubuhi.

Mpango wa kwanza, nyusi. Nimemfuata Radi kwenye banda lake la kuziba pancha. Nimempigia kelele sikioni mpaka kaelewa: besi yangu haina kichwa, kwa hiyo aangalie uso. Nyusi moja juu, kiitikio. Nyusi zote mbili juu, mwisho. Tumefanya mazoezi pale pale, mimi nimekaa juu ya tairi, yeye anatwanga ringi ya gurudumu kwa spana. Nyusi moja, kabadilisha mdundo. Nyusi mbili, kimya. Mteja mmoja kapita, kainua nyusi kwa mshangao, Radi kanyamaza hapo hapo. Unafanya kazi mpango huu, tena vizuri mno!

Mpango wa pili, mavazi. Nimemwendea Kiongozi, nimemweleza kwamba bendi yetu inaonekana ya kizamani, na besi ya kisasa inataka sura ya kisasa. Nimependekeza Jumamosi wote tuvae miwani myeusi. Kaipenda! Kasema hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Shemeji miwani hana. Ataazima wapi? Atasimama pale macho wazi kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Mpango wa tatu, kiti cha mbele. Kwenye gari la bendi, kando ya Kiongozi pana kiti kimoja. Mimi sijawahi kukikalia, kwa sababu besi ndefu ilikuwa inalazwa kwenye mapaja ya watu wa nyuma na mwenyewe akae hapo aishike. Nimemwonyesha Kiongozi jinsi hii fupi inavyokaa kati ya magoti. Kakubali. Kiti cha mbele ni changu!

Mchana nimemalizia kuiweka besi sawa. Uzi mpya nimeufunga kwanza, ndipo nikakata. Nyuzi zilikuwa zimekaa juu, vidole vinachoka. Nimezishusha kwa kile kispana kidogo chenye umbo la L. Nimezishusha mno, zikawa zinalia kama nyuki kwenye chupa. Nimezipandisha kidogo. Sasa zinabonyea kama siagi. Kuna kasoro moja tu: nikikaa, vifungo vya chini vinagusa paja, na nikitikisa goti kufuata mdundo, uzi mwembamba unapoteza sauti. Kwa hiyo kesho sikai. Nitasimama kama mwanaume.

Mipango mitatu kwa siku moja! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumamosi, 10 Agosti

USHINDI! Nitaandika yote.

Asubuhi nimekaa kiti cha mbele. Nimeteremsha kioo ili watu waone. Shemeji nyuma, kalaza ile ndefu kwenye mapaja ya mpiga tarumbeta. Na miwani kavaa! Mke wangu kampa yake. Ina vito pembeni.

Duka lenyewe ni jipya, magodoro yamejaa ndani na mengine yametandazwa nje kwenye mkeka wa plastiki, utepe mwekundu mlangoni. Watu wengi. Ila mgeni rasmi hajafika, na bila mgeni rasmi hakuna kukata utepe, na bila utepe hakuna kuuza. Mwenye duka, mama mmoja wa viatu vya kung'aa, kashika simu, anatembea huku na huku, anauliza mgeni amefika wapi. Anaambiwa yuko njiani. Yuko njiani, yuko njiani. Watu wakaanza kuangalia saa. Wengine wakaanza kuondoka. Kiongozi kaniambia nianze mimi, haraka.

Nikaanza. Jamani, besi! Vioo vya duka vikatetemeka. Ni vyembamba, milimita nne, mimi ningewashauri sita, lakini walitetemeka nao watu waliokuwa wanaondoka, wakageuka, wakarudi. Kiongozi kaimba vizuri. Kila noti yangu imetua mahali pake, hakuna hata moja iliyokwenda hatua mbele. Tukafika pa kumaliza. Nikainua nyusi zote mbili.

Nyuma ya miwani myeusi.

Radi anatwanga. Nikainua tena, mpaka ngozi ya utosi ikasogea. Radi naye kavaa miwani, sijui hata kama ananiona. Nikainamisha besi. Wapi! Nikatikisa kichwa changu mwenyewe, hapana, hapana. Kadhani nimekolea, kaongeza kasi. Nikaruka juu, nikatua kwa miguu yote miwili, kumaanisha basi, imetosha. Umati mzima ukaruka na mimi. Nikaruka tena kuwakataza. Wakaruka tena.

Nikaacha kupiga kabisa. Nikasimama, mikono hewani, besi imetulia tuli begani kama ilivyo tabia yake. Radi kaona nimempa nafasi. Kaonyesha ufundi wake wote tangu ujana. Watu wakapiga mayowe. Nikaona aibu kusimama bure, nikarudi kupiga.

Kiongozi alishamaliza beti zote. Karudia zote. Zikaisha tena. Kageuka kunitazama, jasho linamtiririka, halafu kaanza kuimba vipimo vya magodoro. La futi tatu! Watu wakaitikia. La futi nne! Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Alipofika la futi sita, bibi mmoja katupa mkoba wake hewani.

Hapo watu wakaanza kuchoka, lakini nani aondoke wimbo ukiwa mtamu? Wakakaa. Wakakaa juu ya nini? Juu ya magodoro. Waliokaa wakalala. Wakalala wanatikisa miguu. Na mtu akishalala juu ya godoro mbele ya majirani zake, anaona haya kuliacha. Mwenye duka kaangalia utepe, kaangalia watu, kafunga simu, kaanza kuuza. Hakusubiri mtu.

Mimi mikono imekufa ganzi. Namwomba Mungu tu. Halafu nikaona gari la mgeni rasmi linapinda kona, na Radi bado anatwanga. Ndipo Shemeji kapanda jukwaani, bila kuitwa, na miwani yake ya vito. Kasimama kando yangu, kainua ile besi ndefu mpaka juu kabisa, kaishusha.

Kimya! Kimya kizima kizima, na mlango wa gari ukafunguka hapo hapo. Watu wakapiga makofi hata mgeni rasmi akadhani ni yake. Kapunga mkono.

Kaingilia kazi yangu, lakini leo sitaki ugomvi.

Nusu ya Shemeji haikupigwa. Muda ulikwisha. Mwenye duka kaja mwenyewe, kauliza yuko wapi yule wa gitaa lililokatwa. Kasema hajawahi kuona bendi inayojua biashara namna hii, bendi nyingine zinapiga wimbo mmoja halafu zinaomba soda. Kasema kila duka atakalofungua anatutaka sisi, na wimbo ule ule, na mimi yule yule. Kanipa godoro, zawadi! Kiongozi kanikumbatia mbele ya watu, kasema mimi nabaki.

Nabaki! Nimelia. Nimelia kweli, kama mtoto. Miwani imesaidia.

Kiongozi kauliza nilipataje wazo la kutomaliza. Nimemwambia nililipanga tangu Jumanne. Kila ninavyolifikiria naona ni kweli.

Gari halikuwa na nafasi ya godoro. Nimerudi kwa miguu, godoro kichwani, besi mgongoni, inatosha vizuri kwa ufupi wake. Kiti cha mbele kilibaki wazi, kwa hiyo Shemeji kakikalia. Walinipita kwenye mteremko. Kanipungia.

Jumapili, 11 Agosti

Mshindi kaamka, na nyumba imenuna. Shemeji anakunja nguo zake, anazipanga kwenye begi. Kasema bendi imeshamshukuru, hana tena la kufanya huku, atarudi kwao. Hakulalamika. Kanishika mkono, kanipongeza. Kasema nilimfundisha vizuri, ila yeye hakuwa na bahati.

Nilisubiri siku hii mwaka mzima. Nilikuwa nimeshapanga pa kuweka kochi.

Chai imekuja bila sukari. Nimeomba sukari, mke wangu kasema aulizwe mshindi. Nimekaa sebuleni peke yangu na ushindi wangu, namwangalia kijana anakunja shati, shati lenyewe ni langu. Nimeinuka, nimemsaidia kukunja la pili. Bila shaka ni kwa haraka ya kumwona akiondoka.

Mchana mke wangu kachukua godoro langu la zawadi, kalitandika sebuleni. Kasema kama ndugu yake analala hapa kwa mara ya mwisho, basi alale vizuri. Nikauliza sisi je. Kasema sisi tuna historia na godoro letu. Sikubishana. Kalala tangu saa tisa, anakoroma kama tajiri.

Jumatatu, 12 Agosti

Kazini bosi kauliza hali ya tumbo. Nikasema limepona. Kaniuliza kama ndilo lililokuwa linaruka mbele ya duka la magodoro. Alikuwepo. Kanunua la futi sita. Hasira hana, kasema tangu alilalie hana ugomvi na mtu. Ushindi hauna mipaka!

Jioni Kiongozi kaja nyumbani. Kakaa ukingoni mwa godoro, kaangalia viatu vyake, kakohoa. Nikajua kuna jambo. Kasema wimbo usioisha unafaa kwenye magodoro, lakini Jumamosi ijayo tunamuaga mwalimu mkuu anayestaafu, mzee wa watu, na ule wimbo utamwua. Lazima uishe. Kasema besi yangu haiwezi kuachwa, mwenye duka ameitaja kwa jina. Lakini Radi kakataa nyusi, kakataa mikono, kakataa taa. Radi anataka kichwa.

Kwa hiyo Kiongozi kaamua hivi: mimi napiga. Shemeji anasimama kando yangu na ile besi ndefu. Haina waya. Haiingii kwenye spika. Kazi yake ni kuinua kichwa na kukishusha, basi.

Mke wangu kapiga vigelegele. Shemeji kafungua begi hapo hapo, shati langu likarudi kwenye msumari wa mlangoni. Chai ikaja na sukari, nyingi hata kijiko kinasimama.

Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Nimewaambia ni wazo ambalo na mimi nilikuwa nalo. Fikiria: nani mwingine katika bendi ana msaidizi? Kiongozi mwenyewe hana!

Nilipokuwa napeleka vikombe jikoni, nimemsikia Shemeji akimwambia dada yake kwamba alikuwa anaogopa sana kurudi nyumbani mikono mitupu. Nimeosha vikombe vyote. Havikuwa vingi, lakini nimeviosha polepole.

Jumanne, 13 Agosti

Mazoezi ya kwanza ya mtindo mpya. Mafanikio makubwa. Nilikuwa katikati ya kipande changu kitamu kabisa, macho nimefumba, Shemeji kashusha kichwa. Kimya. Nimebaki napiga peke yangu kama mtu anayeongea na simu iliyokatika. Kasema alidhani nimechoka. Tukarudia. Kashusha tena. Radi hanitazami hata kidogo, macho yote kwa Shemeji. Wimbo unaanza akitaka, unaisha akitaka. Kama nilivyosema, ni msaidizi mzuri, anajituma.

Kiti cha mbele kapewa yeye. Kiongozi kasema kichwa kile kikigongwa bendi imekwisha. Ni kweli, siwezi kubisha. Mimi nakaa nyuma na ngoma, na besi yangu inapita popote.

Sasa habari kubwa. Nikitoka mazoezini nimepita kwa fundi wa magitaa kumshukuru. Kanivuta pembeni, kaangalia nyuma na mbele, kafunua kitambaa. Jamani! Besi nyingine. Hii kichwa inacho, tena kikubwa, lakini shingoni haina vile vyuma vidogo vinavyogawa hatua, vile vya kukuonyesha pa kuweka kidole. Hakuna alama, hakuna mstari. Shingo tupu, laini kama kioo. Na nani anajua vioo kuliko mimi? Fundi kasema dunia nzima ya wapiga besi ndiko inakoelekea. Tubadilishane, yangu kwa yake, bila nyongeza. Nimemuuliza mbona yeye anaiachia. Kasema ni kwa upendo tu. Bahati haibishi hodi mara mbili kwa mtu mmoja, na kwangu imebisha!

Hesabu ni rahisi. Nikiwa na kichwa changu mwenyewe, Radi ananitazama mimi. Kiti cha mbele kinarudi. Na zikikosekana alama shingoni, ni jambo dogo, nitapima kwa macho, kazi yangu ni kupima.

Nimewaeleza nyumbani wakati wa chakula. Mke wangu kaweka kijiko chini, kaanza ile habari ya mbachao, nikamwambia ameshaisema. Ila Shemeji kafurahi kweli kweli, sijawahi kumwona anafurahia maendeleo yangu namna hii. Kaniuliza hii isiyo na kichwa nitaipeleka kwa fundi saa ngapi. Nimemwambia kesho asubuhi mapema. Kaitikia kwa heshima, kavua saa yake ya mkononi, kachukua kitambaa, kaanza kuifuta.